Wifi Aliyeandikwa Nyongani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Jamani, ndoa ni tamu! Leo asubuhi Wangu amenimenyea yai. Sikumwomba. Alilimenya, akaligeuza juu ya mwanga, akabandua kipande kidogo cha ganda kilichokuwa kimeng'ang'ania, akanipa kwa tabasamu. Nikatokwa na machozi. Yeye akadhani yai halina chumvi.

Mchana, balaa. Matokeo yamebandikwa chuoni. Wangu kafaulu goti. Kafaulu kifundo cha mguu. Kafaulu uti wa mgongo wote na pingili zake. Nyonga, chali!

Si kwamba haijui. Anaijua! Ananieleza kila jioni mpaka nasinzia kifuani kwake. Tatizo ni mtahini. Ni mama mmoja mwenye miwani minene, wanafunzi wanamwita Darubini. Akimtazama tu, ulimi wa Wangu unakuwa gogo. Safari ile alimshikisha mfupa, akamwuliza huu ni nini. Wangu akajibu: mfupa.

Marudio ni Ijumaa hii. Akifeli tena, chuo basi. Mjomba wake ndiye anayemsomesha, na Mjomba ametamka: cheti kisipopatikana, kijana aende akapakie magunia kwenye ghala lake, mji wa mbali kule, alale hukohuko na wapakiaji. Mimi nibaki hapa na mto mtupu. Ndoa yenyewe bado mbichi! Pazia letu bado lina mikunjo ya dukani!

Wifi akaja kutupa pole. Wifi ni dada mkubwa wa Wangu, mshonaji, chumba chake kinatazamana na chetu, ukumbi mmoja, bomba moja. Pole yake ilikuwa hivi: eti kabla ya kuoa, kaka yake hakuwahi kufeli hata siku moja. Halafu akakitazama kitanda chetu. Kitanda! Kana kwamba ndicho kilichoingia kwenye mtihani!

Nimeapa. Nyonga nitamfundisha mimi. Nina kidato cha nne na nina mapenzi. Darubini ana nini cha kuniambia?

Jumanne, tarehe 5 Machi

Ni lazima niandike hapa kwamba siku tulipojuana, aliponiambia anasomea viungo, nilimwuliza kama bizari ina soko. Hakunicheka. Alinieleza taratibu, kiungo cha bega, kiungo cha kiwiko, akigusa mkono wake mwenyewe kwa adabu. Mimi moyoni nikasema: huyu huyu.

Leo mpango wa kwanza. Chuo kina mifupa ya plastiki lakini hairuhusiwi kutoka getini. Basi nikatengeneza yangu. Kiungo cha nyonga, anasema Wangu, ni kichwa na kikombe. Fupa la paja juu lina kichwa cha duara kama mpira. Kichwa hicho kinaingia kwenye kikombe kilichochimbwa ubavuni mwa mfupa wa nyonga.

Kikombe! Vikombe tunavyo sita! Seti ya chai yenye mawaridi na ukingo wa dhahabu, zawadi ya harusi kutoka kwa Wifi. Alisema ni vya wageni. Tangu harusi mgeni amekuwa yeye tu.

Nikakunja soksi za Wangu duara, nikazichomeka kwenye ncha ya mwiko. Ndilo fupa la paja hilo. Nikalitia kikombeni. Likakaa! Nikalipeleka mbele, nyuma, nje, ndani, nikalizungusha. Wangu alifurahi mpaka akavua viatu. Akanieleza kwamba kikombe kina ukingo laini wa gegedu unaokiongezea kina, na ndani mna majimaji kidogo, kwa hiyo kichwa kinanyonywa na kubaki humo. Kukichomoa si mchezo. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyomnasa yeye. Akanibusu paji la uso.

Nikanogewa. Nikataka kumwonyesha jinsi nyonga inavyoteguka kwenye ajali ya gari, goti linapogonga mbele na kichwa kikasukumwa nje kwa nyuma. Nikausukuma mwiko.

Sasa vikombe ni vitano.

Nimekiunga cha sita kwa gundi ya dukani kwetu (nauza duka la kalamu na madaftari). Kimesimama. Kishikio kimelala upande kidogo, lakini nimekisogeza nyuma kabisa ya kabati, kishikio kikitazama ukuta. Hata ukimpa Wifi tochi hatajua.

Kufundisha kumefaa? Jioni nilivaa miwani ya jua, nikakaza sauti kama Darubini, nikamnyooshea Wangu mwiko, nikamwuliza huu ni nini. Akanitazama. Akaganda. Akajibu: mwiko.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo nimekuwa mtu wa kupimwa! Kwenye mtihani mwanafunzi huletewa mtu hai, aonyeshe kwa vidole mfupa uko wapi na msuli uko wapi. Nani hai zaidi yangu? Nikavaa bukta, nikasimama katikati ya chumba kama sanamu.

Wangu alitafuta ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, ile unayoishika ukijishika kiuno kwa hasira. Nikacheka. Alitafuta kichomozo cha juu ya paja, kile kigumu pembeni kinachouma ukilalia ubavu sakafuni. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Wifi akagonga mlango. Akataka kujua kama hayo ndiyo masomo. Nikamwambia ndiyo, ni mazito. Akasema enzi zake masomo hayakuwa na kicheko, akaburuza kandambili zake kurudi kwake.

Mifupa ikakubali. Misuli ikagoma. Majina yake ni marefu kama treni ya mizigo, kila behewa Kilatini. Wangu anaanza la kwanza vizuri, la pili linateleza, la tatu anakuwa gogo.

Hapo ndipo akili ikanijia, wala sijui ilitoka wapi! Wangu hasahau jamaa. Anamjua hadi binamu wa shemeji wa jirani yao wa zamani. Basi kila kitu cha nyonga tukipe jina la jamaa. Kwanza jamaa, halafu Kilatini kimfuate nyuma kama mkoba.

Msuli mkubwa wa tako: Mjomba. Ni mnene kuliko wote, lakini ukitembea uwanjani polepole hafanyi kazi ya maana. Anaamka penye ngazi, au ukiinuka kitini. Wangu alicheka kwa hofu, akatazama dirishani.

Msuli wa ndani kabisa, unaotoka kwenye uti wa mgongo, unaopita mbele ya nyonga na kuliinua paja: Baba yangu. Hakuna anayemwona, lakini bila yeye huvuki hata kizingiti. Hapa nililia kidogo. Wangu alisubiri nimalize.

Neva nene ya nyuma ya tako: Mwenye Nyumba. Akibanwa kidogo tu, utamsikia mpaka kisiginoni.

Kano la mbele, lenye umbo kama panda ya manati, lenye nguvu kuliko makano yote ya mwili: Mama Mkwe. Linakuzuia usipinde kwenda nyuma. Na ukichoka kusimama kwenye foleni, unaliegemea lenyewe, misuli inapumzika. Wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, amemwegemea yule mama maisha yake yote. Mume gani mwingine husema hivi juu ya kano?

Uzi mfupi uliomo kikombeni, unaokifunga kichwa: mimi! Nilijichagulia mwenyewe. Wangu akasema uzi ule kwa mtu mzima hauna kazi kubwa. Nimemsamehe.

Ukabaki msuli wa kati, ulio pembeni, juu ya kichomozo. Ndio Darubini anaoupenda, kila mwaka anauuliza. Kazi yake ni hii. Kila hatua unayopiga, kuna kitambo umesimama kwa mguu mmoja. Upande ulio hewani unataka kushuka, kama ubao wa bembea ulioelemewa. Msuli wa kati wa upande uliokanyaga unavuta, ubao unakaa sawa. Na kwa kuwa uzito umekaa mbali na wenyewe unavuta kutoka karibu, inabidi uvute kwelikweli, mpaka kiungo kinabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wako. Msuli huo ukilegea, upande wa pili unaning'inia, na mtu anatembea akiyumba.

Tukafikiri nani huyo. Anayeishikilia nyumba isiinamie upande. Aliye pembeni siku zote. Asiyelegea hata ukimbembeleza. Tukatazama mlango, wote wawili kwa pamoja.

Wifi!

Ili majina yamkae, nilimpa kalamu ya wino mzito, ile tunayoandikia maboksi dukani, akaniandika kila mmoja mahali pake. WIFI pembeni, kwa herufi kubwa. Mwandiko wake ni mzuri! Ile W kama ndege wawili wanaoruka!

Nimeoga. Majina hayajatoka. Nimeoga tena na sabuni ya kufulia. Yamezidi kung'aa. Si neno. Ninatembea na ukoo mzima, mwanamke gani ameupata upendo huu?

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku mbaya, halafu nzuri, halafu nimepoteza mkoba.

Mama Mkwe alikuja kutuombea heri ya mtihani. Nyonga yake ya kulia inamsumbua tangu mwaka jana. Anatembea akiyumba, fimbo ameishika mkono wa kulia, ameikamata kama mtu anayechimba. Aliingia ukumbini. Wangu akamtazama anavyokuja, hatua kwa hatua. Macho yakawaka. Akapiga kelele: Wifi amelegea! Akanivuta mkono, akasema tena: mke wangu, umeona, Wifi amelegea, ona upande wa pili unavyoning'inia!

Wifi mwenyewe alikuwa nyuma yetu. Utepe wa kupimia shingoni. Pini mdomoni.

Akatoa pini moja moja. Akauliza nani kalegea. Akauliza ni upande upi huo unaoning'inia, maana yeye vipimo vyake anavijua. Wangu gogo. Nikaingilia kati, nikasema ni jina la msuli tu. Wifi akauliza, kwa upole unaotisha, tangu lini kaka yake, mwanamume, ana wifi. Yeye humwita Dada. Anayemwita wifi katika nyumba hii ni mmoja tu, na huyo alikuwa amesimama pale na mikono nyuma. Mimi!

Sikufikiria hilo! Akaingia chumbani kwake. Cherehani ikaanza kunguruma. Naapa haikuwa na kitambaa.

Mama Mkwe akauliza nani mgonjwa.

Baadaye Wangu akaniambia chemba kwamba fimbo ya mama yake iko mkono usio wake. Nyonga mbovu ikiwa kulia, fimbo ishikwe kushoto, maana kushoto ndiko kunakoshuka. Mkono wa kushoto ukisukuma chini, msuli wa kulia unapata nafuu. Tena fimbo iko mbali na kiungo, kwa hiyo kusukuma kidogo tu kunatosha. Nikamwambia amweleze. Akamweleza. Mama Mkwe akamjibu kwamba alikuwa anatembea kabla hajamzaa, tena alimfundisha yeye kutembea, na fimbo inakaa panapouma kama dawa inavyopakwa panapouma.

Basi nikaja na mpango! Nikafungua sanduku, nikatoa mkoba wangu wa harusi, ule mweupe wenye kifungo cha lulu, nikautia leso na peremende. Nikampelekea kwa heshima zote, nikamning'inizia mkono wa kulia. Nikamwambia mkoba huu wanaujua wenyewe, hushikwa kulia tu, ukishikwa kushoto lulu inafichika. Mkono wa kulia ukajaa. Fimbo ikakosa mahali. Ikahamia kushoto.

Alinung'unika. Akaenda hadi kwenye bomba, akarudi. Akasimama. Akaenda tena. Halafu akauliza nani aliyeisawazisha sakafu.

Moyo wangu! Nilitaka kumkumbatia. Mara nikaingiwa na hofu: je, mkoba upande wa nyonga mbovu si mzigo juu ya maumivu? Nimemuua mama wa watu? Nikamkimbilia Wangu. Akaruka! Akasema hapana, hapo ndipo penyewe. Mzigo mwepesi ukiwa upande unaouma unauvuta ubao chini upande uleule ambao msuli unavuta, unamsaidia kazi. Ukiubeba upande mzima ndipo unamtesa. Alieleza, akachora hewani, akasimama mguu mmoja, akamwiga mama yake akienda bombani. Hakuganda hata kidogo! Nikagundua: huyu akizungumzia watu wake, gogo linakuwa mto unaotiririka.

Mama Mkwe alipoondoka aliyumba kidogo tu. Mkoba aliondoka nao. Nilipouliza kwa kuzungukazunguka atauleta lini, akasema fimbo imeuzoea.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hata viatu sijavua, naandika.

Mpango wa leo: dirisha. Niliomba ruhusa dukani, nikamfuata Wangu chuoni kwa mbali, nikajibanza nje ya chumba cha mtihani, penye kichaka cha maua. Akiganda, najigusa pale panapoulizwa, ananiona, anajibu. Mwepesi mno huu mpango, kosa haliwezi kuingia.

Darubini akaniona kabla hata hajakaa.

Akatoka. Akauliza mimi nani. Nikasema mimi ni mke. Akauliza mke wa kichaka? Nikasema wa mtahiniwa. Nikangoja nifukuzwe. Badala yake akanitazama juu mpaka chini kupitia ile miwani, akasema mtu wa kupimwa hakutokea, mimi nina nyonga mbili na muda wa kukaa vichakani, niingie ndani. Lakini nikitamka neno moja, mume wangu amefeli.

Niliingia nimejaa furaha. Mimi na Wangu, chumba kimoja, mtihani mmoja! Nilikwenda nyuma ya pazia kuvaa bukta ya chuo. Ndipo nilipokumbuka.

Wino!

Na ukutani pale, mbele ya macho yangu, tangazo: atakayekutwa na jibu lolote lililoandikwa, juu ya karatasi au mwili, atafutwa chuo. Nilikitemea mate kidole nikasugua. WIFI hakutikisika. Hajawahi kutikisika!

Nikatoka. Nimeishika bukta kwa mikono miwili mpaka karibu na mbavu. Darubini akaniambia niachie kidogo, wanatafuta nyonga, si kwapa. Akaishusha ukingo yeye mwenyewe, kwa heshima, upana wa vidole vitatu. Akasoma. Miwani ikamshuka puani. Nyuma kidogo akasoma tena: MJO, iliyobaki imefichwa na bukta.

Akamgeukia Wangu. Akasema: kijana, kama haya ni majibu, chukua mfuko wako.

Wangu alinitazama. Mungu wangu, uso ule! Kama mtoto aliyeachwa kituoni. Midomo inacheza, sauti hamna. Gogo. Nikaliona ghala. Nikayaona magunia. Nikauona mto mtupu. Na mimi hata neno moja siruhusiwi!

Basi nikauinua mguu wa kushoto. Nikasimama kwa wa kulia peke yake, kimya. Halafu nikauachia msuli. Nikaulegeza kwa makusudi. Upande wa kushoto ukashuka, nikayumba, nikataka kuanguka juu ya meza ya mtahini.

Wangu akanitazama. Kitu kikamrudia usoni.

Akasema: Wifi amelegea, mwalimu.

Darubini akamwuliza mwanamume ana wifi wapi. Akajibu kwamba hana, wifi ni wa mke wake, yeye ameazima tu. Na hapo akafunguka! Akaeleza mguu mmoja, akaeleza ubao wa bembea, akaeleza kwa nini kiungo hubeba uzito mwingi kuliko mwili wenyewe. Akamtaja Mjomba na ngazi zake. Akamtaja Baba yangu, anayeinua paja bila kujionyesha. Mwenye Nyumba. Mama Mkwe, tunayemwegemea kwenye foleni. Darubini akasema hadithi nzuri, sasa kwa majina ya kitabuni. Wangu akawaita mmoja mmoja kama anawaita kwenye picha ya harusi, na kila jamaa akaja na Kilatini chake mkononi. Hakuna aliyebaki nyuma! Vidole vyake vilikuwa vya baridi na havikukosea. Nami sikucheka. Niliuma shavu kwa ndani, lakini sikucheka!

Swali la mwisho. Mgonjwa wa nyonga ya kulia, ana fimbo na ana mkoba. Kipi kiende mkono upi?

Wangu akatabasamu. Tabasamu lile la yai. Akajibu: fimbo kushoto, mkoba kulia, sababu hii na hii, na mkoba wenyewe, mwalimu, msiutarajie kurudi.

Darubini aliandika kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Nilipokuwa navaa viatu alinijia karibu, akaninong'oneza kwamba wino ule hutoka kwa mafuta ya kula. Kisha akauliza, akiangalia pembeni, mimi kwenye nyonga ile ninakaa wapi. Nikamwambia: ndani ya kikombe, uzi. Akasema, eh, ule kwa mtu mzima hauna kazi kubwa.

Wote wamekariri kitabu kimoja!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

KAFAULU!

Kafaulu, kafaulu, kafaulu! Nimeandika mara tatu, ningeandika ukurasa wote lakini daftari ni la bei. Pembeni ya alama Darubini ameandika kwamba majina ya ukoo yabaki nyumbani. Wangu alinibeba kutoka mlangoni hadi kitandani, akapata kichomi. Mjomba amepigiwa simu. Amesema aliyajua tangu mwanzo.

Wifi hakutoka kuja kutupongeza. Aliniita chumbani kwake nipime sketi ya kijani aliyokuwa ananishonea tangu kabla ya ule mkasa. Hakuniangalia usoni. Nikapanda juu ya kibao. Akapiga magoti, akaanza kubana pini kiunoni, akashusha kidogo ukingo.

Mafuta ya kula nilikuwa nimesahau.

Akasoma. Akabana midomo. Mdomoni ana pini, siwezi kujua kama kanuna au anazilinda. Basi nikamweleza yote. Nikamwambia huo ndio msuli. Kila hatua mtu anayopiga, huo ndio unaoshika nyumba isiinamie upande. Mwingine wa kuifanya kazi yake vizuri hakuna. Tulipotafuta jina hatukutafuta mara mbili.

Akatoa pini. Akauliza kwa nini basi nilimwacha kaka yake atangaze ukumbi mzima kwamba kalegea. Nikasema uliolegea ulikuwa msuli wa Mama, yeye wake bado umekaza. Akaguna. Akakigusa kichomozo changu cha paja kwa kidole gumba, akasema alimbebea hapa. Mama yao alikuwa akienda kazini asubuhi na kurudi jioni, na yeye, mtoto mwenyewe, akimbeba kaka yake juu ya nyonga hii ya kushoto, kutwa nzima, mpaka alipojua kukimbia. Ndiyo maana hata leo akisimama kwenye kioo bega moja linakuwa juu. Mtoto alikuwa mzito. Analia ukimweka chini.

Tukalia wote wawili. Pini zikamwagika. Tukaziokota.

Halafu akafuta macho, akaniambia nisimame wima, maana nyonga yangu moja iko juu kuliko nyingine na sketi isije ikalaumiwa. Na W ile, akasema, ingekuwa kubwa kidogo.

Akaja kwetu tunywe chai ya ushindi. Akasema leo tutumie vya wageni, wageni ni sisi. Kabla sijawahi kabati, mkono wake ukapita vikombe vitano vizima ukaenda nyuma kabisa. Akakishika cha sita. Akakiinua.

Kishikio kikaja. Kikombe kikabaki.

Wangu akaganda, na ufaulu wake wote. Wifi akakitazama kishikio, akanitazama mimi, akautazama mwiko. Akauliza: na hiki nacho kimeteguka?

Nimeapa mbele yake, kwa ndoa yangu, kwamba vikombe vitano vilivyobaki sitavigusa kwa masomo. Kamwe!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda. Wangu amelala kichwa mapajani mwangu. Wino umetoka, isipokuwa kipande cha F.

Aliniuliza: kama ukoo mzima umepata nafasi nyongani, yeye je, yuko wapi? Nikasema ni kichwa, mimi ni kikombe. Akafikiri. Akasema kuna kitu kizuri zaidi hakunieleza. Kile kikombe si mfupa mmoja. Utotoni ni mifupa mitatu mbalimbali, inakutana katikati ya kikombe, na mtu anapokua inaungana, mpaka ukikata huoni mstari. Akaushika mkono wangu, akasema ndivyo tutakavyokuwa.

Nikayeyuka. Halafu nikahesabu. Nikamwuliza: mitatu? Wewe, mimi, na wa tatu nani?

Tukatazamana kwa haya. Nikaona aibu tamu. Nikafungua mdomo niseme.

Wifi akabisha hodi, akauliza kama tumebakiza chai.

Kesho Wangu anaanza kusoma bega. Anasema hilo ni gumu zaidi. Kichwa chake ni kikubwa lakini kikombe hakina kina, ni kama kisahani, kichwa kimekalia tu ukingoni, ndiyo maana bega huteguka upesi kuliko viungo vingine vyote. Mtahini ni Darubini tena. Wangu tayari amekuwa gogo kidogo.

Asiwe na wasiwasi. Mke anaye. Niliapa juu ya vikombe. Visahani hakuna aliyevitaja, na viko sita, vizima, vya mawaridi. Kimoja kipo hapa chini ya mto pamoja na soksi. Kalamu pia nimeleta, nyekundu, mpya, kwenye boksi wameandika haitoki hata kwa mafuta. Safari hii tutaandika mgongoni, ambapo hata akitaka Wifi hawezi kuona.

Sketi imekwisha. Amesema kesho anaanza kunipima blauzi.